Nafasi Kando ya Babu Ognjen

Zima redio, Ljubinko, na wewe Zagorka acha kulia, bado sijafa, utayamaliza machozi yote kabla majirani hawajafika kuyaona. Kaeni hapa kitandani, mmoja kulia, mmoja kushoto, mnisikilize vizuri wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba hii ni ya Zagorka, pamoja na ng'ombe na deni la kumvumilia. Shamba la plamu na mtambo wa kupikia rakia, ile pombe yetu kali ya plamu, ni vya Ljubinko, naye ampelekee dada yake chupa kila msimu, tena ile ya kwanza, si ile ya kusafishia madirisha. Haya hayana mjadala. Lenye mjadala ni kaburi.

Mmekua mkiliona jiwe la babu yangu Ognjen, lile refu lenye sura yake na sikio la kushoto lililojikunja kama lako, Ljubinko. Alilisimamisha mwenyewe akiwa hai, kama tunavyofanya sote hapa, jina na mwaka wa kuzaliwa vikachongwa, mwaka wa kufa ukaachwa wazi, kisha akaenda vitani. Sisi tuliambiwa alirudishwa amelala kwenye mkokoteni, akazikwa upesi, na mchongaji naye alikuwa vitani, ndiyo maana mwaka haukuandikwa. Basi kila Jumamosi ya Wafu tulimbebea ngano tamu na kuku wa kuokwa, tukamimina rakia juu ya kaburi. Ardhi ile imekunywa kuliko shemasi yeyote ninayemjua.

Na kando yake kuna nafasi ya mtu mmoja. Baba yangu aliitaka, kaka yake akaitaka, wakanuniana mpaka wakazikwa wote wawili mbali, mmoja ukuta wa huku, mmoja ukuta wa kule. Ndugu yangu Dobrosav, mtoto wa baba mkubwa, akaurithi ule ugomvi upande wake nami nikaurithi upande wangu, tukaishi uzio mmoja bila salamu. Kuku wake akivuka kwangu, namrusha juu ya uzio kama mpira.

Nilipostaafu posta nikasema, ngoja nimtafutie mzee mwaka wake, jiwe likamilike. Nikaenda kwa padri kukiomba kitabu cha zamani cha maziko. Humo wameandikwa wote: aliyekufa kwa homa, aliyepigwa teke na farasi, hata kichanga ambacho hakikuwahi kupewa jina. Ognjen hayumo. Ljubinko, ulikuwa unakula pilipili hoho zilizojazwa nyama uliponiambia, "Mama, waache wafu wapumzike." Nikakujibu, "Nawaacha, ila huyu mmoja sijui anapumzikia wapi."

Nikahamia maktaba ya mjini, kwenye magazeti. Mnatujua sisi na matangazo ya wafu: mtu akifa, picha; akitimiza siku arobaini, picha; nusu mwaka, picha ile ile. Kwetu marehemu huonekana gazetini kuliko waziri. Nikaimaliza miaka ya vita bila kupata kitu, nikaendelea kusoma ya mbele kwa mazoea tu na kwa sababu maktaba ina joto. Siku moja nikafunua ukurasa wa mwaka 1958, lile sikio likanitazama. Mzee amenyauka, mvi tupu, lakini sikio ni lile. "Nusu mwaka tangu atutoke Ognjen wetu, fundi wa magurudumu. Mke Persida na binti Kosara."

Nilicheka mpaka mtunza maktaba akaniletea maji. Kumbe nilipokuwa nikibebwa mgongoni kwenda kumlilia babu, babu yuko mji wa pili, mto ule ule, anakunywa supu ya samaki! Kisha nikamkumbuka bibi yangu, aliyevaa nyeusi maisha yake yote kwa ajili ya udongo mtupu, sijui alidanganywa au alikuwa akificha aibu, nikalia palepale mezani. Iliniuma, wanangu. Bado inaniuma.

Niliporudi nikasimama kwenye uzio nikaita, "Dobrosav! Njoo, tumegombania shimo!" Akadhani nimerukwa na akili. Alipoliona gazeti alikaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. "Kwa hiyo kuku wangu ulikuwa unawarusha bure?" Jioni ile tulikula pamoja.

Na Kosara yuko hai. Amenizidi miaka kumi, na ni shangazi yangu, chekeni tu. Hana mume, hana mtoto. Nilipompigia simu akasema, "Baba aliniambia kuna jiwe huko. Niliona haya. Mtoto wa mke wa pili, ningekuja kusema nini?" Anachokiogopa ni kimoja tu, kulala peke yake bila mtu wa kumwashia mshumaa.

Ljubinko, ulisema nikimleta huyo kijiji kitatucheka. Kicheke! Tumemlisha kuku wa kuokwa mtu ambaye hayupo, tayari sisi ni kichekesho. Nafasi ile ni ya Kosara. Jumatatu mlipokuwa sokoni mchongaji alikuja, Dobrosav akamshikia ngazi. Mwaka wa Ognjen umeandikwa, na chini yake: Kosara, binti yake, mwaka wa kuzaliwa, halafu pako wazi. Nimemwambia alete udongo wa kaburi la baba yake kwenye kopo, tuumwage pale, ile rakia yetu ipate hatimaye mtu wa kuinywa. Mkiligusa jina lile, nitarudi nikae jikoni niwakosoe supu.

Niongezee mto, Zagorka... hapo, hapo. Mimi mnilaze kwa baba yenu, jiwe langu liko tayari, na picha ni ile ya harusini, msithubutu kuweka ya kitambulisho. Tangazo gazetini liwe fupi... na katika majina ya wafiwa, la kwanza kabisa liwe la shangazi Kosara. Mtu akija kututafuta baadaye... akute tumeandikwa pamoja.

Mungu awape meno mpaka uzeeni, na mezani mkose nafasi kwa wingi wa watu. Mpendane. Msinuniane, mtachoka bure... Dobrosav naye mpeni kuku, yule mwekundu, ni wake tangu zamani.

Pumzi inakata... Ngoja. Geti hilo limelia. Mbwa habweki... basi ni mtu wa kwetu. Dobrosav alisema atamleta Kosara kwa basi la saa nane. Ljubinko, nenda kamfungulie wewe. Nenda, mwanangu.

Na vua kofia. Alione sikio.