Mzee Ekiru na Sehemu ya Tatu Isiyoonekana

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Ekiru Emuria, msimamizi wa jukwaa wa Kituo cha Utamaduni cha Ewoi hapa Lodwar, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 28 Novemba. Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, ukumbi wetu utaonyesha mchezo wake wa kuigiza, "Ng'ombe wa Ndugu Yangu", kisha bendi ya Gatkuoth kutoka Kakuma itatumbuiza mpaka jenereta ikatae. Jumamosi ni kwaya. Jumapili hakuna onyesho, maana sakafu ya jukwaa itakuwa inahitaji fundi. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu kwa heshima na bila kuzidisha. Heshima nitaiweka. Hilo la pili tutaona.

Ekiru aliletwa kituoni kama seremala wa kujenga jukwaa. Alipomaliza akaambiwa abaki, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua litavunjikia wapi. Akawa mlinzi wa jukwaa, akawa mtu wa taa, akawa msimamizi. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, kila mmoja na rangi yake ya ukuta, naye yupo tu na nyundo yake, anapaka anachoambiwa. Kazi ya kuandika michezo hakuajiriwa kuifanya, wala hakuna aliyemtuma. Alianza mwenyewe, jioni baada ya kazi, na ndipo matatizo yetu yalipoanzia.

Tatizo lenyewe linajulikana kuanzia Lokitaung hadi Kapedo. Edonga, ngoma yetu ya Kiturkana ya kuruka na kuimba, haitazamwi. Edonga huchezwa. Ukisimama pembeni umekunja mikono wakati wenzako wanaruka, umewatukana wenye shughuli. Sasa mjengee mtu wa namna hiyo ukumbi, mwekee mchezo wenye harusi ndani yake, kisha mwambie akae kitini atazame tu. Thubutu! Njuga za miguuni zikilia mara moja, watazamaji wote wako jukwaani, mabibi kwa mabwana, na waigizaji wanatafutana katikati ya umati hadi giza linaingia.

Mchezo wa Ekiru una sehemu tatu. Katika ya kwanza, ndugu wawili wanachunga pamoja. Katika ya pili mdogo anaoa, na kwa haraka zake za harusi anamchinja ng'ombe dume ambaye kaka yake anampenda na kumwimbia. Kaka anakasirika, anavuka mpaka wa Sudan Kusini pale Nadapal na kuacha kusema naye kabisa. Katika ya tatu anarudi, anakuta mdogo wake ameshazikwa. Anasimama peke yake na kumwimbia marehemu wimbo wa ng'ombe wa marehemu, wimbo ambao zamani alikataa hata kuuitikia. Huo ndio mwisho. Sisi wafanyakazi tunaujua kwa sababu tunauona kwenye mazoezi. Umma haujawahi kuuona, kwa sababu harusi iko sehemu ya pili.

Kituo hakikukaa bure, tusisemwe. Mkurugenzi mmoja alichora mstari mwekundu mbele ya jukwaa, na watu wakauruka kwa ustadi mkubwa. Mwingine aliajiri askari, kijana mmoja mrefu aitwaye Adome, azuie watu wasipande. Adome alizuia vizuri sana mpaka njuga zilipolia, kisha akawa ndiye anayeongoza wimbo. Akaletwa mtaalamu kutoka Nairobi aendeshe warsha ya siku tatu hotelini kuhusu nidhamu ya mtazamaji. Siku ya kufunga warsha washiriki walicheza edonga, na mtaalamu akapoteza kiatu. Alirudi kwao na soksi moja yenye vumbi, akisema amejifunza mengi.

Kila mara jukwaa lilipobomoka, ofisi iliwapelekea wafadhili taarifa kwamba ushiriki wa jamii umefikia asilimia mia moja. Wafadhili walifurahi, wakatuletea viti zaidi. Viti tunavyo, jamani! Wazee huvipita, wanaweka ekicholong zao chini, kile kigoda kidogo cha kukalia na kulalia, na kuketi mbele ya viti vya wafadhili kwa raha zao. Kiti cha plastiki, wanasema, ni cha mtu anayesubiri daktari.

Mtauliza, si angeipeleka harusi mwisho? Aliipeleka. Watu walipomwona bibi harusi anapita nyuma ya pazia, wakaanza wenyewe kumwimbia tangu mwanzo, kwa kuwa bibi harusi haingii mahali kimyakimya kama karani aliyechelewa kazini. Basi mwaka mmoja akaiondoa kabisa. Watu waliketi kimya, wametulia, Mkurugenzi akatabasamu. Kumbe walidhani ni semina. Kabla sehemu ya tatu haijaanza, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza chanjo ya mbuzi itaanza lini, wenzake wakadai soda na mkate, kikao kikafungwa kwa maombi. Ekiru alirudisha harusi wiki iliyofuata.

Huandika michezo mingine pia, na jukwaa limebomoka katika yote. Lakini huu ndio anaoung'ang'ania, na sababu yake kila mtu kituoni anaijua ingawa hakuna anayeitaja. Ekiru alikuwa na mdogo wake, Ekeno, kule Lokitaung. Walikosana kwa jambo la mifugo, wakanyamaziana kwa miaka. Ekeno alipofariki, habari zilimfikia kaka yake hapa Lodwar wakati kaburi limeshafunikwa. Wala hakuna aliyempa mkono wa pole. Watu walijua hawakuwa wakisemezana, na mtu katika hali hiyo hajui aseme pole au akae kimya, basi wote wakakaa kimya. Tangu hapo Ekiru hajakanyaga Lokitaung. Mwaka uliofuata ndipo alipoandika "Ng'ombe wa Ndugu Yangu".

Kwa hiyo barua ya kustaafu ilipotoka, na kamati ikakaa kujadili zawadi ya kumuaga, mmoja akataka saa ya ukutani, mwingine akataka godoro. Ekiru alisema ana godoro, na saa aijue ya nini sasa. Alichotaka ni kitu kimoja tu: watu waketi wauone mwisho wa mchezo wake mara moja, kabla hajatoka hapa. Kamati ilikuna vichwa. Ikaamua kumpa godoro.

Aliyetuokoa ni Nyibol, anayeigiza bibi harusi. Nyibol amekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na hana muda wa kamati. Aliuliza kwa nini tusianze na sehemu ya tatu. Ekiru aligoma. Alisema mchezo una mguu na kichwa, hauvaliwi kinyume, na kwamba mtazamaji hatajua nani amekufa wala kwa nini analiliwa. Nyibol akamjibu kwamba Kakuma hakuna mtu anayehitaji kuelezwa jambo hilo. Mzee akaenda kupigilia misumari ambayo haikuhitaji kupigiliwa. Alirudi akasema tujaribu, lakini tujaribu hukohuko Kakuma, ili ikiharibika isiharibikie nyumbani.

Tulienda mwanzoni mwa mwezi huu. Tulifunga pazia kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakajaa: Waturkana wa mjini, Wadinka na Wanuer wa kambini, Wakongomani waliokuja wakidhani ni bendi, na wenye maduka Wasomali waliofunga mapema wapate kuona. Ekiru alikuwa nyuma ya pazia, upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote. Nilikuwa karibu naye nimeshika mavazi, maana mimi ndiye mtunza mavazi, na niliona jinsi alivyokuwa akikunja na kukunjua kofia yake. Sijawahi kumwona na hofu namna ile, hata siku paa lilipong'oka.

Akatoka Bol, anayeigiza kaka mkubwa. Hakuna harusi, hakuna njuga. Alitembea mpaka katikati, akatazama chini mahali palipo kaburi, akamwita mdogo wake kwa jina, akaanza wimbo wa ng'ombe. Bol ni Mdinka na aliuimba kwa lugha ya kwao, kwa kuwa kwao pia mwanamume ana ng'ombe wake wa kuimbiwa. Waturkana hawakuelewa neno hata moja, na hawakuhitaji. Aliimba mpaka mwisho. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeuliza habari za chanjo.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Ekiru alinigeukia, akaninong'oneza kwamba hawakupenda.

Ndipo mama mmoja muuza makaa, Amuria, akasimama kwenye safu ya pili na kuanza kupanda jukwaani. Ekiru, kwa mazoea ya miaka yote ile, alitoka nyuma ya pazia ili amteremshe. Amuria alimpita bila kumwangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bol, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole, baba. Pole sana." Nyuma yake akapanda mwingine, na mwingine. Wakajipanga mstari, kama inavyofanyika msibani, kila mmoja na pole yake, kwa Kiturkana, kwa Kidinka, kwa Kiswahili cha Kongo. Bol, maskini, alikuwa bado kijana wa kuigiza tu, akawa anapokea kama aliyefiwa kweli.

Na msibani, ukishampa mkono mfiwa wa kwanza, hupiti bila kumpa wa pili. Amuria alipogeuka, alimwona mzee amesimama kando ya pazia, kofia mkononi, uso umelowa. Hakumwuliza yeye ni nani. Akamshika mkono, akampa pole. Waliomfuata wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Mwanzo Ekiru alijaribu kueleza kwamba yeye ni msimamizi wa jukwaa. Baadaye akaacha kueleza. Akasema asante. Akasema, aliitwa Ekeno. Akalirudia jina hilo kwa kila aliyefika, na kila aliyefika akalitaja naye, mpaka mtu wa mwisho.

Sehemu ya kwanza na ya pili hatukuzionyesha siku hiyo, na hakuna aliyezidai, hata hao waliokuja kwa ajili ya bendi. Mkurugenzi ameandika katika taarifa yake kwamba onyesho la Kakuma halikukamilika kutokana na watazamaji kuvamia jukwaa. Wafadhili wameahidi viti.

Ijumaa hii tunaanza tena na sehemu ya tatu. Wenye miguu inayowasha wavumilie kidogo, harusi ipo baadaye, na sakafu Mzee ameshaikagua mwenyewe. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ewoi, kuanzia ofisi ya tiketi hadi chumba cha mavazi, tunakushukuru Mzee Ekiru kwa kila ubao, kila taa na kila neno uliloliandika jioni ukiwa umechoka. Umetuvumilia sisi, wakurugenzi wetu na rangi zao. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, maziwa ya kutosha, na majirani wanaokuja kukusalimia ejok bila ajenda ya kikao.

Kamati ilikuuliza gari la kituo likupeleke wapi na hilo godoro. Umesema Lokitaung. Tumekujazia mafuta ya kwenda tu, Mzee wetu. Umeshapewa pole, sasa nenda nyumbani.

Christine Amojong, Chumba cha Mavazi