Shimo Lililozaa Nyumba Yetu

Bandugu zangu wa shirika, muniache niongee nikiwa nimeshika kiti. Tangu ile mvua, magoti yangu hayaamini tena wingu jeusi. Lakini mama mumoja aliyekaa kule nyuma amesema nisiposimama leo atasimama yeye, na yeye hatanihurumia. Basi nasema.

Minye, mimi huyu, ni muntu wa matofali. Wengi wenu munalala ndani ya kuta nilizopandisha. Nyumba yangu kule Kikula niliijenga kama sote tunavyojenga: unachimba udongo pale pale kwenye palseli yako, kiwanja chako, unaukanyaga kwa miguu, unapiga tofali, unaanika, unapandisha ukuta. Nyumba ikiisha, kando yake linabaki shimo la ukubwa wake. Jioni nilipenda kukaa ukingoni na kuliangalia. Wakati mwingine niliona kama kuta zingine zimelala mule ndani, zinangoja niziamshe.

Bibi yangu, mama wa batoto, hakuona kuta zozote. Aliona shimo.

"Baba, hii shimo utaifunga siku gani? Mvua iko karibu."

"Hii shimo ni chumba ya pili," nilimujibu. "Tofali zake bado ziko ndani."

Alicheka kwa pua, akaenda kupika bukari.

Halafu mama yake, mama mukwe wangu, akatoka Kakanda kuja kukaa kwetu, maana miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Ninyi bakubwa munajua haya, ile aibu ya mukwe kwetu. Mume wa binti hamuangalii mama mukwe usoni, hali naye, hamugusi, mpaka siku atakapoleta kuku na kitenge, wale pamoja, haya iishe. Minye ile kuku nilikuwa naiahirisha. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Si umaskini, kuku nilikuwa nao. Nawaambia ukweli: niliona vizuri kukaa mbali, kwa sababu yule mama ana ulimi.

Nikamupa chumba cha nyuma. Na ili tusikutane, nikaziba mulango wa ndani kwa tofali, nikamufungulia mulango mwingine kwa nje. Upande gani? Upande wa shimo. Muntu mzima, fundi, nikaweka mulango wa mama mugonjwa hatua nne kutoka shimoni, na ile nikaiita heshima.

Tulisalimiana kupitia ukuta. Asubuhi nilimusikia akiimba taratibu, sauti inatoka ndani ya udongo wangu, na minye ninalala tena kidogo. Ilikuwa tamu, siwafichi.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya tatu, bibi yangu yuko sokoni, batoto wako shuleni, minye nimebaki kwenye kiti, manjanja juu yanalia mpaka redio haisikiki. Mabati yakilia vile, usingizi unakuja wenyewe. Nikaota shimo limejaa maji yanayong'aa, na nyumba yetu inajiangalia mule ndani. Inainama, inainama, inataka kuona uso wake vizuri. Nilipenda ile ndoto. Sikutaka kutoka.

"Mukwe," sauti ikasema.

Nilifikiri ni ndani ya ndoto.

"Mukwe, mayi iko inaingia."

Nikaruka, nikazunguka nyumba. Ukingo wa shimo ulikuwa umeanguka. Ile njia ya hatua nne haikuwepo tena, mulango wake unaangalia maji, na ukuta wa nyuma una ufa ambao mukono wangu ungeingia wote. Nikarudi ndani mbio, nikachukua pioche, sururu yangu, nikasimama mbele ya zile tofali nilizoziba mwenyewe.

Bandugu zangu, hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilisimama tu. Maji yanapanda kwa mama muzima, na minye nafikiria kuku. Nafikiria nitamukuta bila kitambaa kichwani, nitamugusa, bantu watasema nini. Sijui nilisimama muda gani. Mvua ilikuwa imepeleka kila kitu mbali, hata mikono yangu niliiona iko mbali.

Yeye ndiye aliyeniamsha.

"Mukwe, weye si muntu ya kujenga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi bomoa. Lakini piga chini, kichwa yangu iko juu."

Nikapiga. Zilikuwa tofali nzuri, zilinikatalia. Kwenye moja niliona alama ya vidole vyangu mwenyewe, nikaipiga pale pale. Tundu lilipofunguka nilimuona amekaa juu ya kitanda, maji yamefika kwenye godoro, kitenge amejifunika uso.

"Funga macho," akasema, "na minye nafunga."

Nikainama, nikamuvuta, nikamuweka mugongoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na alinuka moshi na majani ya dawa. Tulipofika barabarani nikageuka. Ukuta wa nyuma ulishuka polepole, bila haraka yoyote, ukarudi shimoni ulikotoka. Manjanja yakaufuata kwa makelele. Tukabaki kwenye mvua, minye na mama nisiyepaswa kumugusa, yuko mugongoni. Akaniambia sikioni:

"Ungeleta ile kuku, ungepita ku mulango."

Nililia, bandugu. Nililia kama mutoto.

Nawashukuru mulioacha kazi zenu siku ile. Munajijua. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mulitupa chumba mpaka kiangazi. Bamama mulileta sufuria na unga bila kutuuliza kitu. Baba wa shirika mulikuja na matoroli, tukafukia shimo kwa nyumba yenyewe. Leo udongo wa matofali nautoa mbali na nyumba za bantu, mufereji wa maji nauchimba kwanza, manjanja nayafunga kwa waya. Na kuku tulikula, na kitenge alipata. Alisema kuku ilikuwa ngumu.

Kwa hiyo, wenye mashimo, na nayajua maana mengine nilichimba minye, yafukieni kabla ya mvua. Halafu kaeni pamoja nyumbani muulizane: siku ya hatari, nani hawezi kukimbia, na nani atamubeba? Kama kuna haya kati ya hao wawili, imalizeni sasa, jua likiwa linawaka.

Mama mwenyewe ni yule pale, kitenge cha bluu, anatikisa kichwa kwa sababu nimeruka mengi. Chumba chake leo, ndani ya nyumba mpya, kinafungukia sebuleni. Wingu likipanda kutoka upande wa Koni, haniiti tena kupitia ukuta. Anasema tu, "Mukwe, mugongo."

Na minye nainama.