Breki Akinyamaza

Benchi la mbele ya kinyozi lina wenyewe. Yupo Kinyozi, anayenyoa kwa mkono na kuhukumu kwa mdomo; yupo Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili; na yupo Breki, dereva wa lori, jitu la miraba minne. Mchana huo Breki alirudi kutoka kliniki uso umemshuka. Dawa za presha aina tatu, anameza bila kukosa, na presha iko juu vilevile. Isiposhuka, usukani anapewa mwingine. Kinyozi alimhurumia mpaka akakosa la kumtania.

— Chumvi hiyo, alisema huku akimmiminia kahawa.

— Chumvi niliacha zamani, kaka. Hata yai nalila kavu.

— Basi dawa feki! Sindano akadakia. Wanasaga chokaa, wanakuuzia.

— Kipimo ndicho kibaya, Kinyozi akakata. Kinambana mkono mpaka damu inakasirika. Wewe ukibanwa hivyo presha haitapanda?

— Wapi! Ni lile lori, Sindano akapinga. Injini inamtetemesha makalio, damu inadhani kuna mlima.

Breki alikuwa keshasinzia. Kahawa mkononi, kidevu kilishaangukia kifuani, na mkoromo ukalitikisa benchi. Ghafla ukakatika.

— Kazima! Sindano akanong'ona. Sasa ndiyo anapumzika.

Wakashusha sauti kama kila siku, wasimharibie usingizi. Mkoromo ulikuwa umerudi alipofika kijana mmoja anahema, kaka wa mke wa Breki.

— Daktari amepiga simu. Anasema presha sugu hivi mara nyingine inatokana na usingizi. Mtu anakoroma, koo linaziba, pumzi inakatika, moyo unahangaika usiku kucha. Anamtaka aliyemwona shemeji akilala. Dada hajui, kelele zilishamhamishia chumba cha watoto.

— Tuulize sisi! Sindano akajigamba. Anakoroma, halafu ananyamaza, anapumzika. Si unaona? Hapo kanyamaza.

Kijana akamtazama shemeji yake.

— Akinyamaza hivi, huwa anapumua?

Kinyozi alipeleka kiganja puani kwa Breki, akangoja. Hakuhisi kitu. Akamshika mabega na kumtikisa kwa nguvu zote. Breki akavuta hewa kwa kishindo, kahawa ikamwagika, macho mekundu yakafunguka.

— Aa, jamani! Mbona mnaniamsha? Ndiyo kwanza nilikuwa nimetulia.