Bima Ilinikataa Mara Tatu, Bwana Akayalinda Macho Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena. Mchungaji amenipa dakika kumi, na vile mnanijua, ombeni zinitoshe.

Kwa wageni wetu wa leo, mimi naitwa Beatrice Nduku, mama yake Mwende, mke wa Mwalimu Mutua. Nimeokoka na nampenda Bwana. Nina kitalu cha miche ya miembe hapa chini ya soko la Kalamba. Kazi yangu ni kupandikiza. Unachukua mche wa mwembe wa kienyeji, unaukata, unaingiza kijiti cha mwembe wa kisasa, kisha unafunga kwa utepe wa plastiki mpaka vishikane. Ni kazi ya macho na vidole. Ukikosea kidogo tu, kijiti kinakauka. Kwa miaka mingi vyangu havikukauka. Watu walitoka Mukuyuni, wengine mpaka Kitui, wakaja kuchukua miche kwangu.

Halafu vikaanza kukauka. Kwanza vichache, nikalaumu jua. Baadaye nusu ya kitalu, nikalaumu mbegu, nikalaumu maji, nikalaumu hata kisu. Sikuwahi kulaumu macho. Na hapa kanisani nilikuwa msomaji wa akina mama. Nilipoona maandishi yanayeyuka, nilimwambia Mwalimu anisomee fungu Jumamosi mchana mpaka nilishike lote kichwani. Mkawa mnanisifu: Mama Mwende siku hizi anasoma bila hata kutazama kitabu. Ndugu zangu, nilikuwa sitazami kwa sababu sikuwa naona. Huo ulikuwa uongo, na nimeutubu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulielewa. Mama Kioko, yule ameketi pale karibu na dirisha, ni jirani yangu tangu tuolewe. Siku moja alinisalimia sokoni kutoka upande wa kushoto, nikapita. Akanisalimia tena wiki iliyofuata, nikapita. Akawaambia watu kwamba mke wa mwalimu sasa ana maringo. Maneno yakanifikia, nikakasirika, kwa sababu mimi sikuwa nimemwona mtu. Tukanuniana miezi sita, mashamba yetu yakipakana.

Mwishowe Mwalimu akaniambia niende nikapimwe macho. Yeye ana bima ya kazini na jina langu limo. Nikafurahi. Nikavaa nguo ya Jumapili, nikaenda hospitali moja mjini, sitaitaja. Msichana wa mapokezi akaniambia niweke kidole kwenye mashine. Nikaweka. Akaniambia niweke kingine. Tukamaliza vidole vyote kumi.

"Mwaitu, mashine haikutambui," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na aliniita hivyo kwa heshima.

"Lakini ni mimi."

"Najua ni wewe. Ni mashine haijui."

Kisu na udongo vilikuwa vimenifuta alama za vidole. Akanishauri nipumzishe mikono, nipake mafuta, nirudi. Wiki mbili sikugusa kisu. Nikarudi, na kidole gumba kikakubaliwa. Nikamshukuru Mungu pale pale kwenye foleni. Ndipo msichana akaniuliza barua ya rufaa iko wapi, kwa maana huendi kwa daktari wa macho bila kutumwa na kliniki ya ngazi ya chini. Nikarudi nyumbani.

Mara ya tatu nilienda na barua. Kliniki ilikuwa imeandika, "Haoni vizuri." Wakaituma kwa watu wa bima, jibu likarudi kwamba haikubaliki. Nikapiga simu mwenyewe. Aliyepokea alikuwa kijana mpole sana.

"Mama, bima yako inalipia ugonjwa wa macho. Kupimwa macho hailipii."

"Sasa huo ugonjwa nitaujuaje kabla sijapimwa?"

Akanijibu, "Hilo ni swali zuri, mama. Una swali lingine?"

Mnacheka. Siku hiyo mimi sikucheka. Niliketi kwenye benchi la hospitali, barua mkononi, nikalia kama mtoto. Kulipa mwenyewe sikuweza, kwa kuwa miche iliyokufa hainunuliwi. Na nitawaambia ukweli, kwa maana ushuhuda wa nusu si ushuhuda: niliacha kuombea macho. Nilisema moyoni, kama hata Mungu anataka barua ya rufaa, basi.

Mwezi uliofuata nilipeleka miche Sultan Hamud. Kando ya barabara kulikuwa na mtu anauza miwani ameipanga kwenye ubao. Nikajaribu moja, nyingine, ya tatu, na maandishi yakasimama. Ndugu zangu, niliona herufi kama nilivyoziona nikiwa darasa la tano. Nikanunua, nikarudi nikiimba, na Jumapili hiyo nikatoa sadaka ya shukrani. Mtu wa bima, mashine, barua, vyote nikavisahau.

Kumbe nilishukuru mapema.

Siku ya soko, miwani ikiwa usoni, nilianza kuvuka barabara. Niliangalia mbele, nikaona kweupe. Mkono ukanishika leso niliyojitanda, kwa nyuma, ukanivuta kwa nguvu mpaka nikaketi chini, na pikipiki iliyobeba magunia ikapita pale nilipokuwa. Ilitoka kushoto. Sikuiona kabisa. Niliyemwona nilipogeuza kichwa ni Mama Kioko, bado ameshika leso yangu.

"Wee Nduku, huoni?" akaniuliza.

Miezi sita hatujasemezana. Ningeweza kusema nilikuwa na mawazo. Bwana akanifungua kinywa, nikasema, "Sioni, Mama Kioko. Upande huu wote sioni."

Akaketi chini kando yangu, mbele ya watu wote. "Kumbe hukuwa na maringo," akasema. Kisha akaanza kulia, na mimi nikalia, na wanunuzi wa kunde wakatuzunguka wakidhani tumegongwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, amevaa viatu vya safari. Nikamweleza habari ya mashine, ya barua, ya yule kijana wa simu. Akasema, "Wewe ulienda peke yako, na wewe una adabu sana. Leo tunaenda wawili."

Tulipofika mapokezi, vidole vyangu vikakataliwa tena, kwa sababu nilikuwa nimerudia kazi ya kisu. Mama Kioko akainama mpaka kwenye dirisha. "Huyu nyinyi mnamwona," akasema. "Yeye ndiye asiyewaona. Sasa anayehitaji kuthibitishwa ni nani?"

Msichana akacheka, akafungua droo, akatoa fomu ya watu ambao vidole vyao havisomeki. Unajaza, unaonyesha kitambulisho, basi. Fomu ilikuwa humo siku zote.

Nesi wa kitengo cha macho, anaitwa Nzisa, alisikia yale maneno akatoka nje. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia mbele naona, na kwa miwani nasoma, ila pikipiki nusura iniue. Hakuuliza kadi. Aliniketisha mbele yake kwenye kiti cha korido, akaniambia nifunike jicho la kulia na nimtazame puani. Akainua mkono wake pembeni, akacheza vidole.

"Unaona vidole vyangu?"

"Vidole gani?"

Mama Kioko akashika kifua. Nesi Nzisa akarudia, polepole, akileta mkono karibu na karibu zaidi. Kisha akasema, "Mwaitu, hii si shida ya kusoma. Huu ni ugonjwa, na una jina." Akaandika barua mpya mwenyewe. Hakuandika kwamba sioni vizuri. Aliandika kwamba ninashukiwa kuwa na presha ya macho, na kwamba kuchelewa ni hatari. Akaituma.

Tukangoja. Mama Kioko akaanza kuomba, na mnajua haombi kwa sauti ya chini. Wagonjwa wengine wakajiunga. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya jino akasema amina kubwa kuliko wote. Kabla ya saa nane mchana msichana wa mapokezi akaita jina langu na kusema, "Imekubaliwa." Korido nzima ikapiga makofi.

Daktari alinitia dawa ya ganzi, akapima kila jicho kwa kifaa kidogo. Akaniambia presha imekula upande wa kushoto bila maumivu yoyote, na ile miwani ya barabarani ingenifanya nisome vizuri huku giza likija taratibu kutoka pembeni.

Mama Kioko akamuuliza, "Atapona?"

"Kilichoenda kimeenda," daktari akasema. "Kilichobaki tutakilinda."

Wapendwa, wengine wangelia. Mimi nilicheka kwa furaha, kwa kuwa kilichobaki ni kingi. Naona sura zenu. Naona mistari. Natia dawa tone moja kila siku, presha imeshuka, na bima inalipa, kwa maana sasa ugonjwa una jina. Nimepata miwani iliyopimwa, na vijiti vinashika tena.

Sisemi Mungu ndiye aliyeharibu mashine au aliyemfundisha yule kijana majibu yake. Hayo ni ya wanadamu, na tuendelee kuyalalamikia mpaka yarekebishwe. Ninachosema ni kwamba nilipoacha kuomba, yeye hakuniacha, na mkono alioutumia ni wa mtu niliyemnunia.

Basi nawaalika. Hapa ndani kuna mtu anayejikwaa na kunyamaza, anayesema ni uzee, anayeona aibu. Nakuomba umwamini Bwana kiasi cha kumwambia mtu mmoja tu leo kabla hujafika nyumbani. Na Jumamosi Nesi Nzisa atakuwa hapa kanisani tangu asubuhi kupima watu, bila kadi, bila kidole, bila barua. Yeye mwenyewe amejitolea. Anayeogopa aje akae kando yangu, nitamshika mkono mpaka aitwe.

Mungu wetu aonaye, atuhurumie sisi tusioona. Amina.