Dole Gumba la Tulinagwe ni Asilimia Ngapi?

“Huo mkono wa kushoto ulikuwa unaufanyia kazi gani?” Karani wa kiwanda cha chai alimwuliza hivyo dada Tulinagwe wa Lufingo, kisha akafunga dirisha akaenda kula. Hakungoja jibu. Swali likabebwa na watu mpaka Msasani ya hapa Tukuyu, kwenye benchi la baba yangu, Mzee Jaffari, auzaye kahawa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa tangu ushirika ulipokufa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kibarua anayeogopa kupunguzwa. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo, nimesimama nyuma ya birika, kwa sababu benchi hilo, eti, si la wanawake.

Tulinagwe ni mchuma chai. Mwenye mali mpya aliponunua kiwanda kutoka serikalini alipunguza watu wa mashine, na walipopungua mno akaita wachumaji waje kujazia. Mashine ya kusaga majani ikaondoka na dole gumba lake la kushoto. Hesabu ya fidia inapigwa hivi: daktari anataja ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, asilimia inazidishwa kwa mshahara na kwa miezi iliyowekwa na sheria. Wamemwandikia asilimia kiduchu, kwa hoja kwamba yeye ni mtu wa mkono wa kulia.

— Kiduchu ni sawa, alisema Anwari, fundi baiskeli tunayemwita Injinia. Spoku moja ikikatika baiskeli hailali. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye bado anavyo tisa. Chawa gani huyo atakayemshinda?

— Methali hiyo inahimiza watu kushirikiana, nikasema.

— Chuo kinawaharibu, akanijibu.

Akadakia Asajile, muuza mitumba. Tangu biashara ifunguliwe, kila jambo yeye hulijibu kwa soko huria, na Soko Huria ndilo jina tulilompa.

— Injinia, wewe unapima kwa chuma. Pima kwa ndizi! Peleka mkungu kwenye lori la Dar, chane la juu limeng'olewa. Mnunuzi atakukata bei ya chane moja? Atausukuma kwa mguu! Kwa hiyo yule dada amekufa asilimia mia.

— Amekufa, na jana alikuwa sokoni?

— Amekufa kisheria.

Mzee Lazaro akainua kidole. Huyu aliwahi kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, nasi tunamwita Mahakama.

— Hamjaigusa kesi. Hilo gumba liliota zamani za serikali, likakatwa zamani za mwekezaji. Kucha ni ya serikali. Nyama ni ya mwenye mali mpya.

— Na mfupa?

— Mfupa ni ubia.

— Basi linadiwe! Soko Huria akaruka. Itangazwe zabuni!

— Atakayelinunua atalitia wapi, tata, mzee wangu? Injinia akauliza.

— Soko litaamua.

Nikalitua birika kwa kishindo.

— Shadya, birika la watu, Baba akanong'ona.

— Mchuma chai anachuma kwa mikono miwili! nikasema. Kushoto na kulia kwa pamoja, gumba na kidole cha pili vinabana kichipukizi, anatupa kapuni mgongoni. Huo mkono wa ziada anaousema karani ni upi? Nionyesheni!

— Gumba halibani kitu, akasema Soko Huria. Linasindikiza tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hakuna aliyejua methali hiyo imefuata nini hapo.

— Asiyeamini ajaribu, Baba akasema, akammiminia kikombe.

Soko Huria akachomoa shati kwenye furushi lake la mitumba, akalivaa juu ya koti. Injinia akamfunga gumba la kushoto kiganjani kwa kamba ya mgomba. Aliapa atafunga vifungo vyote kahawa ikiwa bado ya moto. Kifungo cha kwanza kilimkimbia. Cha pili akakifuata kwa meno. Kahawa ikapoa. Cha tatu kikaingia, akashangilia, kumbe amekitia kwenye tundu la koti. Shati na koti vikafunga ndoa. Na kamba iliyolowa mvua ikaanza kukaza, kidole kikavimba kama kiazi. Injinia akaja na kisu.

— Taratibu bwana! Usije ukanipa asilimia na mimi!

Tulikuwa bado tunacheka Tulinagwe alipoingia kibarazani, mtoto kamkumbatia kwa mkono wa kulia, kitenge kwapani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji.

— Mugonile, akasalimu.

Wakamwitikia. Baba akamnyoshea kikombe. Akakitazama tu, hakuwa na mkono wa kukipokelea.

— Wanataka jibu kesho, akasema. Niikubali asilimia yao au niikatae. Baba zangu, ninyi mnazungumza sheria hapa kila siku. Nikikataa, nitaikuta kazi yangu?

Mahakama akakohoa. Injinia akakagua makali ya kisu chake. Soko Huria, shati na koti bado vimeshikana, akatazama mvua. Kahawa yenyewe ilikuwa imekwisha vikombeni mwao.

Hasira nilikuwa nayo, tele.

— Kesho nakwenda na wewe, dada, nikasema. Hilo swali la kazi yako wakujibu wao, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Na la mikono miwili nitawauliza mimi.

— Utasema kama ulivyokuwa unasema hapa? Nilikusikia nikijikinga mvua ng'ambo ya barabara.

— Nitazidisha.

— Ndaga fijo, akanishukuru.

Akanigeuzia mgongo, akainama, akamtelezesha mtoto mpaka katikati ya mabega, akanipa kitenge.

— Sasa nifungie mtoto, mdogo wangu. Kaza fundo, njia ya Lufingo inateleza.