Swichi Juu, Swichi Chini

Boti ya abiria ilipoondoka Kibirizi ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na Elida aliegemea gunia lake la mchele akitaka kusinzia. Mbele yake walikaa watu wawili waliojuana dakika hiyohiyo: Mzee Onesmo, mpiga gitaa wa kwaya, na Nasri, kijana wa bendi ya harusi kutoka Ujiji, aliyepakata gitaa la umeme.

"Swichi ya gitaa iweke juu, mwanangu," alisema Onesmo. "Hapo unapata sauti ya upande wa shingo. Inakuwa nene, kama mtu anayeimba amefumba macho."

"Hiyo inalaza watu, mzee wangu. Mimi naishusha chini, nyuzi zinalia kwa ukali, sebene linasikika mpaka barabarani."

Walibishana kwa muda mrefu, na kwa kuwa botini hapakuwa na umeme, hakuna aliyeweza kushindwa.

Usingizi ulimwisha Elida. Marehemu mumewe, Kurwa, alipiga gitaa Katonga miaka mingi, na kila mara katikati ya wimbo kidole chake kilikuwa kikigusa kitu, wimbo wote unachangamka. Hakuwahi kumuuliza ni nini. Sasa alikiona tena kidole kile, wazi kabisa juu ya maji meupe, kikishusha swichi.

"Marehemu mume wangu alianza juu, akamalizia chini," alisema.

Wote wawili wakageuka. "Alikuwa anaishusha wakati gani, mama?" aliuliza Nasri.

"Akiniona nimesimama kucheza."

Injini ikazimwa, boti ikagusa mchanga. Elida alishuka akitabasamu.

"Umesikia? Alianza juu," alisema Onesmo nyuma yake.

"Na akamalizia chini, mzee."