Mbuzi wa Mita Saba

Ndani ya kivuko cha Kamanga, Truphosa, mchuuzi wa samaki, alipanga upya mapanki, mifupa ya sangara ya kuuza, yaliyokwisha kupangwa, apate kusikia vizuri. Mwalimu wa hesabu alikuwa akimlalamikia mfugaji mmoja mzee.

"Swali jepesi, mzee. Mbuzi kafungwa mtini kwa kamba ya mita saba. Atakula majani eneo gani? Mwanafunzi wangu Dorcas kaandika, kufikia mchana mbuzi hali kitu. Nimemtoa kwenye timu ya mashindano."

"Kapatia. Mbuzi anazunguka, kamba inajiviringa mtini hadi inaisha, anabaki kulamba magome."

"Hesabu haina magome, mzee."

"Na timu yako haina anayemjua mbuzi."

Kivuko kilipofika, baharia alizungusha kamba kwenye nguzo, na kila mzunguko ukakivuta karibu zaidi. Mzee alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama ziwa.